KARANI NAYE AKAGULIWE!

Wiki hii nina neno na washikaji wanaoangalia seva za kompyuta maofisini, wale ambao mtambo ukigoma usiku wa manane simu ya bosi inawaangukia wao.

Wengi wenu mnatumia Telegraf, programu ya bure ya kampuni ya InfluxData iliyotoka mwaka 2015. Hii ni kama karani wa mizani. Usipobadilisha kitu, kila sekunde 10 inapima memori, diski na kadhalika, kisha inapeleka hesabu kwenye hifadhidata. Bomba! Lakini karani mwenyewe anakaguliwa na nani?

Maana hifadhidata ikizima, karani haachi kazi. Anarundika hesabu pembeni, na kikomo chake cha kawaida ni vipimo 10,000. Vikizidi hapo, vile vya zamani vinatupwa. Asubuhi unakuta pengo kwenye grafu, bosi anauliza kulikoni, wewe unakodoa macho tu.

Dawa ipo. Fungua faili la telegraf.conf, tafuta mstari wa [[inputs.internal]], futa alama ya # iliyo mbele yake, hifadhi, halafu zima programu na uiwashe tena. Kuanzia hapo karani anajipima mwenyewe: amekusanya vingapi, ameandika vingapi, amekosea mara ngapi. Wewe kodolea macho viwili. Cha kwanza ni buffer_size. Kikipanda bila kushuka, ujue mzigo hauendi. Cha pili ni metrics_dropped. Hicho kikipanda, ndugu yangu, kuna hesabu zimeshapotea na hazirudi.

Ila usilale hapo. Taarifa hizo nazo zinapita njia ileile. Hifadhidata ikizima, zinakwama pamoja na zingine, kwa hiyo zipelekee nakala mahali pengine. Na karani akifa kabisa, hawezi kukuandikia kwamba amekufa! Weka kengele kwenye mashine nyingine, ilie pale karani anapokaa kimya, tuseme dakika tano.

Kimya kingi kina mshindo, wahenga hawakukosea. Kazi kwako, usije ukasema hukuambiwa. Tukutane wiki ijayo!