Muuguzi kati ya daftari na kompyuta

Mjadala kuhusu wauguzi wa Bukoba na Muleba na kumbukumbu za kielektroniki, yaani taarifa za wagonjwa zinazotunzwa kwenye kompyuta badala ya majalada ya karatasi, hautendi haki unapoishia kusema kwamba wauguzi wanaogopa teknolojia. Muuguzi wa zamu ya usiku anayepima joto na shinikizo la damu, akajaza vitabu vya MTUHA, ambao ni mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kisha akatakiwa kuingiza tarakimu zilezile kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha shughuli za hospitali, hachukii kompyuta; anachoshwa na kazi moja kufanywa mara mbili huku mgonjwa akisubiri.

Kagera, mkoa zilimo Bukoba na Muleba na ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, inajua vema thamani ya kumbukumbu isiyopotea, kwa kuwa anayetumia dawa za kufubaza virusi maisha yake yote hawezi kutegemea jalada linaloliwa na mchwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai usiri, hivyo kila muuguzi apewe nywila, yaani neno lake la siri la kuingilia mfumo, asilomwazima mwenzake. Mafunzo kazini, kompyuta za kutosha wodini na umeme wa akiba vikitangulia, mioyo ya wauguzi itafuata, kwani mtazamo mwema huzaliwa na wepesi wa kazi, wala si na waraka wa kuamrisha.