Kadi za AMD na Nvidia, na mtoto asiyelala

Kijana anapoanza kuchimba sarafu za kidijitali nyumbani, swali lake la kwanza kwa fundi huwa hili: je, kadi za michoro za AMD na Nvidia zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja? Jibu ni ndiyo. Kila chapa huwekewa programu yake ya kuiendesha, na mara nyingi huwa rahisi zaidi kila moja ikichimba kwa programu yake. Kadi hazigombani.

Swali linalosahaulika ni hili: kompyuta hiyo itakaa wapi? Kwa familia iliyopanga chumba kimoja au viwili, mara nyingi itakaa karibu na kitanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kadi 3 za RTX 3070 hula hadi wati 220 kila moja, na 3 za RX 580 wati 185 kila moja. Jumla ni wati 1,215, na karibu umeme wote huo hugeuka joto. Ni sawa na kuacha pasi ikiwaka chumbani usiku na mchana. Kwa siku huondoka uniti 29 za luku, na kwa siku 30 zaidi ya 870.

Mwili huhitaji kupoa kidogo ili usingizi uwe mzito. Joto la chumba hukatisha usingizi huo, na wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa moyo. Feni nazo hazinyamazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, yaani sauti ya kunong'ona.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Kadi za mitumba za chapa tofauti huja na plagi tofauti, na wengine huunganisha nyaya kwa kubahatisha. Kadi inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia kibao chake cha kuunganishia, ilhali plagi ya SATA inayotumiwa kukipa umeme hubeba wati 54 tu. Plagi huyeyuka taratibu, watu wakiwa wamelala.

Na faida? Ethereum, sarafu iliyowavuta wengi kununua kadi hizi, haichimbwi tena tangu 15 Septemba 2022.

Anayeendelea aitoe mashine chumbani, apunguze umeme wa kila kadi kwenye programu, atumie nyaya zinazohimili mzigo, na asiiache ikiwaka nyumba ikiwa tupu. Moto ukizuka, azime swichi kuu kwanza, asimwage maji.

Mama ambaye mtoto wake hulia usiku kucha kwa joto hahitaji kujua chapa ya kadi. Ana haki ya kuuliza sarafu ngapi zimepatikana mwezi huu, na luku imekula kiasi gani.