Majivu Si Madini: Usiuziwe Mchanga kwa Jina la Chakula cha Mbwa

Ndugu mfugaji, muuzaji akikuambia chakula chake cha mbwa ni bora kwa sababu "kina majivu mengi, yaani madini mengi", rudisha pesa yako mfukoni.

Majivu ni kile kinachobaki maabara baada ya kuchoma chakula mpaka kila kinachoungua kiishe. Ndani yake mna kalsiamu na fosforasi, sawa, lakini mchanga nao hauungui. Dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga wa ziwa, iwe Kemondo au visiwa vya Muleba, wakisagwa humo majivu yanapanda na mbwa hapati kitu. Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Kile kinachokwaruza vidole chini ya glasi umekilipia bei ya dagaa.

Kwenye lebo tafuta kalsiamu na fosforasi. Viwango vya AAFCO ya Marekani kwa mbwa anayekua ni kalsiamu kuanzia asilimia 1.2 mpaka 2.5 ya chakula kikavu. Kwa mbwa wa aina kubwa, mwisho 1.8. Mbwa mzima anatosheka kuanzia 0.5. Kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, wala isiizidi zaidi ya mara mbili.

Sasa nyie mnaowapa watoto wa mbwa chakula cha kuku wa mayai, hesabuni. Kile kina kalsiamu kama asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai. Mbwa hatagi! Mtoto wa mbwa hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi: inaingia mwilini, mifupa inakua vibaya, na zinki inazuiwa mpaka ngozi inatoa magamba. Kumwongezea unga wa mifupa juu ya chakula kilichokamilika ni kosa lilelile.

Anayelishwa ugali na pumba, au nyama tupu, ana shida ya upande wa pili. Fosforasi inaizidi kalsiamu na miguu inapinda. Huyo mpe dagaa wazima na mifupa yao, walioanikwa kwenye chanja.

Na wewe mwenye duka, ukifungua mfuko ukauza kwa kupima kilo, lebo unaitupa wapi? Ikate, ibandike juu ya ndoo. Mfugaji, ukiiomba ukaambiwa ilipotea, nenda duka la pili.