Kobe Naye Anataka Kuoga

Mwezi huu siongelei simu za usiku wa manane wala mama mkwe. Naongelea kufagia. Usifunue ukurasa, subiri kwanza, maana nimeona kwa macho yangu nyumba ya watu wawili wanaopendana ikiingia ubaridi kwa sababu ya kidude cha duara kinachotambaa chini ya kochi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu usiku, simu ikaita. Shosti wangu wa Kisarawe. Huyu tumesoma wote na tumepanga chumba kimoja enzi za ubachela, kwa hiyo nikisikia anavyovuta pumzi tu najua kuna jambo.

"Mwenzangu, huyu mwanaume hakuninunulia zawadi. Kaninunulia kazi."

Kisa chenyewe ni hiki. Siku yake ya kuzaliwa mumewe alimletea roboti ya kufagia, ile mashine ya duara inayozunguka nyumba peke yake ikifyonza vumbi. Wakaipa jina, Kobe. Mwezi wa kwanza raha tupu, kila mgeni akifika Kobe anawashwa atembee. Mwezi wa nne Kobe akaanza kujizungusha sehemu moja, analia, anazima. Fundi mmoja wa mjini akasema ni mota, leta elfu 80, na hata bisibisi hakuwa ameshika. Jioni hiyo mume karudi na Kobe kwenye mfuko wa nailoni, kamwambia mkewe, "Yaani hata kitu cha kubonyeza kitufe kimoja kimekushinda kukitunza?"

Jamani wanaume. Sentensi moja, siku tatu watu wanalala mgongo kwa mgongo.

Nikataka kucheka, nikajirudi. Na mimi nyumbani kwangu Kibaha nina Kobe, na nilishamuua nusu kwa mikono yangu.

Sisi tulihamia kama wengi wanavyohamia huku: madirisha yapo, marumaru sebuleni zipo, lakini fundi bado anapiga plasta stoo na uzio haujaisha. Mchanga unaingia na viatu, unaingia na upepo, ukifagia asubuhi mchana umerudi. Mashine hizi zilianza kupata jina mwaka 2002, Roomba ilipotoka Marekani, na zilitengenezwa zikiwazia mazulia na nywele za paka. Mchanga wa Kibaha hakuna aliyeufikiria. Baada ya wiki mbili chujio, wengine tunaita filta, likawa la kijivu. Mimi na usafi wangu nikaliosha kwa sabuni, nikalikung'uta, nikalirudisha saa hiyo hiyo. Kesho yake sebule ikanuka kama kitambaa cha jikoni kilicholala na maji. Kuja kusoma kile kijitabu ambacho nilikuwa nimekitupa droo ya chini, machujio mengine hayaoshwi kabisa, ni ya kukung'uta tu juu ya ndoo ya taka. Yale yanayooshwa huoshwa kwa maji matupu, na hukauka saa 24 kivulini ndipo yarudi. Wakati wa masika mpe hata siku mbili. Ukilirudisha bichi, vumbi linageuka tope, hewa haipiti, mota inahema.

Kosa la pili lilikuwa saruji. Nilimwachia Kobe chumba ambacho fundi alikuwa ametoka kukipiga plasta. Msomaji, kama nyumba yako bado ina fundi, vumbi la saruji litoe kwa ufagio na dekio. Ni laini mno, linapita mahali ambapo mchanga haupiti, na likikutana na unyevu linaganda. Jivu la mkaa ni hivyo hivyo. Baba watoto alinitazama siku ile, hakusema kitu. Nilimpenda zaidi kwa kule kunyamaza kuliko maua yote aliyowahi kuniletea, ambayo, tuseme ukweli, ni mara mbili.

Basi Jumamosi nikawasha gari. Nikashuka Barabara ya Morogoro hadi Mbezi, nikakata Malamba Mawili, Kinyerezi, nikatokea Banana, kisha Gongo la Mboto, Pugu, hadi juu Kisarawe. Kwenye kiti cha abiria nilikuwa na wembe, mkasi mdogo, mswaki wa zamani, kitambaa laini na kibanio cha nyusi. Shosti alinipokea na macho mekundu. Mume akanikaribisha vizuri, "Karibu shemeji," halafu akataka kutoroka kwenda kuangalia mpira. Nikamwambia, shemeji, leo mpira unachezewa hapa kwenye mkeka, kaa chini.

Tukampindua Kobe chali. Tumboni kuna brashi kubwa, imebanwa na kifuniko chenye vishikizo viwili. Ukivibonyeza inatoka, huhitaji fundi. Ilipotoka, mume akasema, "Mungu wangu, hii ni nini?" Ilikuwa rasta. Shosti wangu anasuka, binti yao anasuka, na kila kipande kilichoanguka wakati wa kufumua kilikuwa kimejizungusha pale, pamoja na nyuzi za pindo la khanga. Ulikuwa mkufu mzima umekaza kama kamba ya kisima.

Sikiliza vizuri hapa, maana kwenye nyumba zetu nywele ndizo zinaua Kobe wengi kabla ya vumbi. Pitisha mkasi au wembe kwa urefu wa brashi, polepole usikate manyoya yake, kisha vuta vipande kwa vidole. Usiishie katikati. Chomoa vifuniko vya pembeni ambako brashi inakaa, kwa sababu nywele hutambaa hadi kwenye ekseli na kujificha huko. Hapo ndipo mota inapovutana nazo, inapata moto na kujizima. Halafu kuna kile kigurudumu kidogo cha mbele. Kivute kwa nguvu kidogo, kitachomoka. Cha kwao kilikuwa hakizunguki kabisa, kimefungwa nywele kama mtoto aliyefungwa kitambi. Ndiyo maana Kobe alikuwa anajizungusha pamoja! Tulitoa kwa kibanio cha nyusi zangu, ambacho sitakitumia tena usoni.

Ukisuka au kufumua, tandika shuka, kisha uikunje na nywele zake. Kobe asiguse.

Chini kwenye ukingo kuna vijicho vidogo, ndizo sensa zinazomwambia hapa kuna ngazi, usianguke. Vumbi likivifunika anadhani yuko ukingoni mwa shimo na kurudi kinyumenyume sebule nzima. Futa kwa kitambaa kikavu, hakuna maji hapo. Futa pia zile bati mbili ndogo anazochajia, na za kwenye kituo chake, maana zikichafuka unaweza kudhani betri imekufa kumbe uchafu tu.

Nikafungua kisanduku cha taka. Sisimizi. Mtoto anakula biskuti, Kobe anameza makombo, kisanduku kinakaa siku nne, unategemea nini? Kimwage kila akimaliza kazi. Na mvua zikianza, zile mbawa za kumbikumbi zitakijaza kwa usiku mmoja.

Sasa nikiwa nimeshika mswaki napiga chujio, mume akauliza, kwa sauti ya chini, "Hii huwa unaifanya wewe?"

"Ya juu juu, kila siku," mkewe akajibu. "Nikitoka kazini, nikishapika, mtoto akilala. Hiyo ya ndani sikuijua. Na wewe hukuwahi kukigeuza hata siku moja kuona tumbo lake likoje."

Kimya. Sisi wote watatu tunatazama rasta juu ya gazeti.

Halafu mwanaume yule akasema jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. Kwamba tangu alivyojifungua kwa upasuaji alikuwa akimwona anavyoshika kiuno kila akiinama na ufagio. Kwamba alizunguka Kariakoo Jumamosi mbili akiuliza bei, na hakutaka kumwambia sababu asije akaonekana anamwita mgonjwa. Shosti akaanza kulia upya, kilio kingine sasa. Miezi minne alikuwa akiamini zawadi ile maana yake ni moja, kwamba mumewe anaona nyumba chafu. Mtu mmoja ananunua mashine kwa huruma, mwingine anaipokea kama lawama, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka mashine ikakwama.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeniomba.

Niliporudi nikawauliza swali moja tu: Kobe ni wa nani? Kama ni wa mama, basi kweli baba kanunua kazi. Kwetu Kibaha tulishayamaliza hayo baada ya ile saruji. Mimi ninayefika nyumbani mapema namwaga kisanduku na kuokota chini soksi, waya za simu na wanasesere kabla ya kumwasha. Jumapili baba watoto anamgeuza chali, anakata nywele, anafuta vijicho. Dakika kumi na tano, mpira ukiwa mapumziko zinatosha. Na yule dada anayetusaidia kazi hajaondoka kwa sababu ya Kobe, wanaoniuliza hilo wananishangaza. Kobe hafui, hapandi ngazi na hambembelezi mtoto.

Nimalizie na mambo ya pesa, maana meseji zenu zitakuja. Kabla ya kununua uliza kama chujio na brashi za modeli hiyo zinapatikana, na ikiwezekana nunua seti ya akiba siku hiyo hiyo. Chujio hubadilishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kwa mchanga wetu usisubiri sana. Brashi ndogo ya pembeni ukiiona imepinda kama ufagio wa chelewa uliozeeka, toa. Kama umeletewa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi madogo kwenye chaja. Yakisema 100 hadi 240, endelea. Yakisema 120 peke yake, usichomeke, umeme wetu ni wa 230 na utaikaanga. Umeme ukicheza cheza, kituo chake kipitishie kwenye kifaa cha kulinda, kama unavyolinda friji. LUKU usiogope, kumjaza Kobe mara moja hakufiki hata sehemu ya kumi ya uniti. Wale wenye Kobe anayedeki, tieni maji matupu. Jik na sabuni ya unga vinaharibu mirija, na kitambaa chake kisilale na unyevu chini ya tumbo usiku kucha. Mkisafiri wiki kadhaa, mchajini ajae kisha mzimeni kwa swichi yake.

Pale Kisarawe tulirudisha kila kitu mahali pake, chujio likabaki dirishani kwa sababu walilikuta ni la kuosha. Gharama yote sufuri. Fundi na elfu 80 yake tukamsamehe. Sikukaa kuona Kobe akiwashwa, ilikuwa jioni na foleni ya Gongo la Mboto naijua.

Jumatatu usiku ikaingia picha kwenye simu. Mkeka, gazeti, wembe, brashi safi, na mguu wa mwanaume mwenye soksi moja. Chini shosti kaandika: "Kobe kaoga. Mwenye Kobe naye anasubiri zamu yake."

Nikazima simu, nikawaacha.