Kabla ya Kukubali Kutolewa Kizazi, Uliza

Juma hili tunasema juu ya maumivu ambayo wengi wetu tunayabeba kimya: tumbo la chini linalouma miezi na miezi, kiuno kinachokatika, damu ya mwezi inayopita juma zima. Tunasema, "Ndiyo mambo ya wanawake," tunainua kitunga cha mihogo, tunaendelea. Wengine wanaambiwa wamelogwa.

Mara nyingi ni fibromu, uvimbe wa nyama unaoota katika kizazi. Si kansa. Sisi wanawake wa Afrika tunaupata zaidi, na mapema kuliko wengine. Ukikua hufinya kibofu, na damu inayotoka humaliza nguvu.

Dawa tunayoisikia zaidi ni moja: kutoa kizazi. Lakini mwaka 1995, munganga Jacques Ravina na wenzake wa Paris walieleza njia nyingine. Fibromu inakula damu. Ukifunga mishipa inayoilisha, inanyauka. Munganga anatoboa tundu dogo kwenye kinena, anapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye kizazi, akiufuata kwa mashine ya radio. Halafu anaingiza chembe ndogo sana zinazoziba mshipa. Tumbo halipasuliwi. Siku ya kwanza maumivu yanaweza kuwa makali, hivyo mgonjwa hupewa dawa. Kisha uvimbe hupungua pole pole kwa miezi.

Mashine hiyo haiko Kailo. Mahali pamoja ambapo waganga wanaosema Kiswahili wanafanya kazi hii ni hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Huko Watanzania walianza kufundishwa matibabu ya mishipa mwaka 2018 pamoja na waganga wa Marekani. Hatuwaambii muuze shamba kwenda huko. Tunawaambia kwamba kuna njia zaidi ya moja, na kuuliza si kukosa heshima.

Basi, ukiumwa hivyo, usingoje. Omba ekografi, na upimwe kama damu imepungua. Ukiambiwa ni fibromu, uliza: Ziko ngapi? Zina ukubwa gani? Zinaweza kutolewa na kizazi kikabaki? Operesheni ya namna hiyo ipo, na mwenye kutaka bado kuzaa mara nyingi hushauriwa hiyo kwanza. Njia ya mishipa haimfai mwenye mimba, wala mwenye kushukiwa kansa ya kizazi.

Iko siku kutoa kizazi ndiko kunakookoa maisha. Siku hiyo mama akubali akijua sababu, si kwa kuogopa kusema.

Na wewe baba unayesomewa barua hii: msindikize mke wako. Mama asiye na mtu wa kumsindikiza amwambie mwenzake wa ushirika. Watu wawili husikia vizuri maneno ya munganga kuliko mmoja mwenye maumivu.