Amali haifundishwi kwa chaki

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeipa sekondari mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Ni hatua sahihi, na Mwalimu Nyerere alidai elimu inayoambatana na kazi tangu 1967 katika andiko lake, Elimu ya Kujitegemea.

Lakini amali bila karakana ni jina tu. Mwanafunzi wa Mjimwema, Songea, anahitaji mbao, randa na fundi wa kumwongoza. Akisanifu ubao wa magurudumu wa kuchezea, akaukata, akapiga hesabu ya gharama na kuuuza, amejifunza jiometri, fizikia na biashara kwa mkupuo.

Halmashauri itenge fedha za vifaa. Mafundi waalikwe shuleni. Nanyi wazazi, msimwone anayechagua amali kuwa ameshindwa masomo.