Santos mumeieleza, na Feisal je?

Mwandishi, kuhusu Santos ya Brazili umetueleza sawasawa katika makala yako: klabu ya mji wa bandari, iliyozaliwa 1912, ikampokea Pelé akiwa kijana mdogo na kutwaa Kombe la Libertadores 1962 na 1963. Lakini sisi wa Makupa, Mombasa, tuna jambo letu. Mbona hakuna anayeandika hivi kuhusu Feisal, klabu yetu ya zamani?

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963. Nakuru All Stars wakaichukua, mwaka uliofuata Luo Union, na 1965 ikashuka Mombasa kwa Feisal. Tangu hapo hakuna timu ya Pwani iliyolirudisha taji hilo. Hata klabu ya Bandari, yenye Mamlaka ya Bandari nyuma yake, imefika nafasi ya pili 2018 na 2019 ikaishia hapo, ingawa ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, ya 2019 waliibeba.

Santos imedumu kwa sababu ina wanachama, ina uwanja wake Vila Belmiro, na kumbukumbu zimewekwa. Feisal ilikuwa na mashabiki tu, na mashabiki huzeeka. Ukitaka kusikia leo habari za Ali Kajo, mchezaji wa enzi hizo, keti na wazee penye kahawa tungu, wakubishanie magoli mpaka adhana ya isha. Kwenye maandishi utaambulia mistari miwili mitatu.

Nao uwanja wetu, ule wa manispaa hapa jirani, ulivunjwa ujengwe upya, vijana wakabaki miaka wakitazama mabati ya uzio.

Mwandishi, wazee wangali hai. Njoo na kinasa sauti.